Baba wa Maua ya Njano

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na barua ya binti yangu imefika saa sita. Amepata chuo. Anaondoka tarehe kumi Mei, kwa ndege, miaka minne. Nilimkumbatia, nikacheka, nikamwambia nilijua tu. Kisha nikarudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

Mama Vifungo, ambaye meza yake imegusana na yangu na kazi yake ni kushona vifungo na kuchungulia maisha yangu, akasema, "Machozi yasije yakadondokea kitambaa cha watu."

Nikamwambia ni vumbi.

"Vumbi, na mvua yote hii?"

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Bora niliambie daftari kuliko kumwambia yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Blauzi tatu, zipu mbili.

Jumapili, 9 Machi

Kila Jumapili binti huenda kwa baba yake. Tumeachana mimi na huyo baba miaka minane sasa, na safari hizo nimezizoea, au nasema nimezizoea. Leo karudi na kitu ndani ya mfuko wa plastiki, amekikumbatia kifuani kisilowe.

Ni ukurasa wa albamu. Picha yake siku aliyomaliza sekondari imebandikwa katikati, na nyuma yake kuna karatasi yenye vijani vidogo vya kijani, na nyuma ya hiyo kuna ukanda mwembamba wenye mistari, na pembeni ua moja tu, moja, kana kwamba limeanguka hapo lenyewe. Nimeutazama kwa jicho la fundi nikitafuta kosa. Kingo zimenyooka. Gundi haijatoka nje. Sikupata kosa, na hilo limeniudhi kuliko yote.

"Mama Mdogo ananitengenezea albamu ya kuondoka nayo," binti akasema. "Mzigo una kikomo, nitabeba albamu moja tu."

Mama Mdogo ndiye aliyeolewa na baba yake baada yangu. Ni mwalimu wa chekechea, siku nzima anacheza na mikasi na karatasi za rangi. Mama mdogo wa mtu ni mdogo wa mama yake, na mimi mama yangu alinizaa peke yangu. Hilo jina kalipata wapi? Mimi namwita Bi Karatasi.

"Anaomba picha zangu za utotoni," binti akaendelea. "Unazo wewe tu."

Nikasema nitaangalia. Humu ndani, nitaangalia maana yake ni hapana, na binti analijua hilo tangu ana miaka mitatu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamua. Nitatengeneza albamu yangu mwenyewe. Nimekata vitambaa miaka ishirini na miwili, nimeshona magauni ya mabibi harusi wenye mabega yasiyolingana na hakuna aliyegundua. Karatasi itanifanya nini?

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda duka la vifaa vya shule. Nyuma kabisa, baada ya madaftari na ramani, kuna droo ndefu bapa zenye karatasi za kila namna. Nimechukua maua makubwa ya njano, vidoa vyekundu, drafti ya buluu, mawimbi, vipepeo, na moja ya dhahabu inayoacha unga vidoleni. Mama Vifungo alipoziona zimetandazwa mezani akauliza, "Unatengeneza albamu au unapamba lori?"

Mtu anayevaa drafti juu na maua chini hana la kuniambia.

Jumatatu, 17 Machi

Kuna sheria moja kwenye kazi yetu ambayo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaijua. Mkasi wa kitambaa haugusi karatasi. Karatasi inaula mkasi, na mkasi butu unatafuna hariri. Mimi ninayewagombeza wengine nimeivunja sheria hiyo mara moja tu maishani, na ngoja niandike, maana sijawahi kumwambia mtu.

Ni mwaka ule tulipoachana. Binti alikuwa shule. Nilitoa picha zote, nikachukua mkasi wangu mkubwa wa kitambaa, nikamkata baba yake. Sikuchana picha, nilimkata yeye tu, kwa kufuata bega, sikio, kiganja, kama unavyofuata mstari wa chaki. Picha kumi na tisa. Zote isipokuwa moja zilibaki na tundu lenye umbo la mwanamume. Mkasi uliishiwa makali mchana uleule.

Binti alipoona, akauliza vipande viko wapi. Nikamwambia nimevichoma.

Sikuvichoma. Viko kwenye bahasha ya kaki, chini ya droo ya nyuzi. Usiniulize kwa nini. Hata mimi nimejiuliza.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemaliza ukurasa wa kwanza. Picha ni ya siku binti alipotimiza miaka mitano, amekaa mabegani mwa baba yake akishika kichwa chake kwa mikono miwili. Yaani alikuwa amekaa mabegani. Sasa amekaa hewani. Nikaibandika juu ya karatasi ya maua ya njano, tena kwa gundi ya viatu ili isibanduke milele, nikazungushia vidoa vyekundu na vipepeo vinne. Nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Sikuona kitu. Nasema kweli, niliona rangi tu.

Binti ndiye aliyeona. Aliinama, akakodoa macho, akasema polepole, "Mama. Baba amekuwa maua."

Na kweli. Maua ya njano yalikuwa yamejaa kwenye lile tundu. Mwanamume mzima, mabega mapana, kichwa, mikono, vyote maua, na mtoto anacheka juu yake. Binti akaanza kucheka. Nikacheka naye. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu, akasema anakwenda kuanua nguo, na hakukuwa na nguo nje. Nani aanike nguo na mvua hii?

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kichwa kinaniuma.

Jumatano, 26 Machi

Sketi sita za sare. Kurasa mbili zaidi. Ile ya dhahabu imejikunja kwa unyevu.

Jumapili, 30 Machi

Naandika kalamu ikitoboa karatasi.

Binti karudi saa kumi na moja, kachoka, kavua viatu mlangoni. Nilikuwa napiga pasi. Akaanza kunieleza habari za nguo za baridi, nini abebe nini aache, anaongea huku akifungua friji, na katikati ya maneno akasema, "Mama kasema sweta nzito nisiibebe mkononi, niivae."

Nikasema, "Mimi sijasema hivyo."

Akasimama na mlango wa friji wazi.

"Mama Mdogo," akasema. "Nilitaka kusema Mama Mdogo."

"Ila ulisema Mama."

"Ulimi umeteleza."

"Unateleza tangu lini?"

Akaufunga mlango wa friji, na hilo ndilo lililonijibu. Kumbe kule ndani huwa hasemi mdogo. Kumbe mdogo ni neno analolivaa akikaribia mlango wangu, kama anavyovua viatu. Niliiacha pasi juu ya sketi ya watu mpaka nikasikia harufu.

Nikamwambia maneno. Sitayaandika yote. Nilimwambia nilimbeba miezi tisa na nikamnyonyesha nikiwa nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na huyo anayekata vikaratasi amekuja chakula kimeshaiva, kazi yake kuweka mapambo. Binti akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, mimi ndiye ninayeondoka. Hakuna anayenichukua."

Akaenda kuoga. Mimi nina wivu. Nimeandika. Na sketi ya mteja ina alama ya pasi nyuma.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekutana na Bi Karatasi uso kwa uso dukani, kwenye zile droo bapa. Kanyeshewa, miwani imejaa ukungu, hakunitambua mpaka alipoifuta.

"Shikamoo dada," akasema.

Dada. Ananizidi nini huyu, adabu pia anataka kunizidi?

"Marahaba."

Alitazama nilichoshika, karatasi ya mawaridi makubwa kama sahani. Nikaona anajizuia, nikaona ameshindwa kujizuia, ualimu umemtoka. "Dada, samahani. Ua likiwa kubwa kuliko uso, jicho linakwenda kwenye ua. Picha inapotea. Mimi mwanzo nilikosea sana hapo."

Nikamwambia ahsante, kwangu mimi ndivyo ninavyopenda. Akaomba radhi tena, akainamia droo ya chini, akavuta karatasi ya vijani vidogo, ileile ya ule ukurasa. Ilikuwa imebaki moja. Alipoiweka juu ya meza ili atafute mkoba wake, nikaichukua.

"Na hii pia," nikamwambia mwenye duka.

Bi Karatasi alinitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Ni nzuri, eti?" Basi. Nilitoka mle nimeshinda na nikajisikia nimeiba.

Jumapili, 6 Aprili

Ile karatasi ya vijani sijui niitumie wapi. Kila nikiiweka, inafanya zile zangu nyingine zionekane zinapiga kelele.

Jumamosi, 12 Aprili

Kurasa kumi na nne. Nimemwonyesha binti. Amefunua moja moja kwa ncha za vidole, akasema, "Ni nzuri, Mama." Sauti ile naijua. Ndiyo ninayotumia kwa mteja gauni likimbana kiunoni na ameshalipenda.

Nikamuuliza atabeba ipi.

"Bado sijaamua," akasema. Mwanangu hajui kudanganya, anatazama dari.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua haijakatika siku tatu. Mama Vifungo kaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia nimegombana na karatasi.

Jumapili, 20 Aprili

Binti karudi na albamu yenyewe. Kule kwa baba yake chumba kimoja kinavuja, na Bi Karatasi kaogopa isiharibike, kamwambia akaiweke kwetu. Kwetu! Binti kaificha kabatini chini ya mashuka, kaniomba nisiiguse, kisha akatoka kwenda kuaga rafiki zake.

Niliigusa. Nilijaribu dakika kumi nisiiguse, halafu nikaigusa.

Nusu ya mwisho imejaa: miaka hii ya karibuni, sekondari, marafiki, baba yake na upara wake. Nusu ya mwanzo haina picha hata moja. Kuna karatasi zilizopangwa, kuna vijani, vidoa vidogo kama mbegu, mistari, kila kitu mahali pake, na katikati ya kila ukurasa pameachwa mstatili mtupu umezungushiwa penseli. Nikaleta picha yangu moja nikaipima hapo. Ilienea bila kuzidi wala kupungua. Binti alikuwa amezipima zangu zote kwa rula, kwa siri, akampelekea vipimo.

Chini ya kila mstatili kuna maandishi ya penseli, hati ya mwalimu, ya duara.

*Hapa: siku ya kwanza shuleni. Mama ameshika mwavuli, mwavuli umepinduka.*

*Hapa: Mama kwenye cherehani, mtoto kalala ndani ya kapu la vitambaa.*

*Hapa: Mama anacheka, hajui anapigwa picha.*

Nilihesabu. Mama yupo kwenye mistatili kumi na mmoja. Yeye Bi Karatasi nilimtafuta albamu nzima. Yupo mara moja, mkono tu, umeshika keki.

Na kwenye ule wa mabegani kaandika kidogo sana, kama anajinong'oneza: *Hapa baba hayupo. Karatasi ya nyuma iwe tulivu, isimfanye kichekesho.*

Nilikaa chini sakafuni. Unadhani nililia? Nilikasirika. Nilikasirika kwamba hata uzuri wa roho kanizidi, kwamba kanitengea nafasi kumi na moja ndani ya albamu yake na mimi sikumwachia hata karatasi moja ya dukani. Mtu mbaya ningemuweza. Huyu nimuweze vipi?

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeshona suruali yenye miguu miwili ya kulia.

Jumatano, 23 Aprili

Bahasha iko wapi? Hapo hapo chini ya nyuzi. Nimeitazama nikafunga droo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeifungua.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda. Nilimwuliza binti kwanza kama baba yake yuko, akasema yuko kazini hadi jioni, nikamwambia basi vaa viatu twende. Njiani alinishika mkono kama wakati tulipokuwa tukivuka barabara, ila sasa yeye ndiye anayevusha.

Bi Karatasi alifungua mlango ana gundi vidoleni. Aliponiona akaificha mikono nyuma, sijui kwa nini. Nikamwambia, "Nimeleta picha. Na hiki." Nikamwaga bahasha mezani kwake.

Wakatoka baba kumi na tisa. Wadogo, wakubwa, wa kusimama, wa kukaa, mmoja kalala kwenye nyasi. Binti akaweka mkono mdomoni. "Ulisema ulivichoma."

"Nilisema uongo."

Bi Karatasi aliokota mmoja akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Alikuwa na nywele?"

"Nyingi," nikasema. "Na kitana mfukoni."

Tukaanza kazi. Tulimrudisha kila mmoja kwenye tundu lake, mmoja baada ya mwingine. Binti anatafuta picha, mimi nachagua kipande, Bi Karatasi anabandika. Vilienea sawasawa, sikio kwenye sikio, kiganja kwenye bega langu. Ulibaki mstari mwembamba tu kumzunguka.

"Umemkata vizuri," Bi Karatasi akasema.

"Nilikuwa na hasira. Mkono lakini ni wa fundi."

Tulicheka wote watatu, na nilikereka kidogo kwamba ana kicheko kizuri. Ule ukurasa wangu wa maua ya njano tulishindwa kuubandua, ile gundi ya viatu haina mchezo, basi tukamweka baba mtu palepale juu ya maua, na ukurasa ukaingia albamuni mzima, na vipepeo vyake. Binti ndiye aliyeng'ang'ania vipepeo vibaki. Ile karatasi ya vijani niliyomwibia dukani nilikuwa nimeibeba pia. Nikaiweka mezani. Bi Karatasi akaichukua.

Mwisho akabaki mmoja. Hakuwa na picha. Alitoka kwenye picha ya sisi wawili kabla binti hajazaliwa, na nusu yangu niliichana siku ileile ya mkasi kwa sababu nilikuwa natabasamu kama mjinga. Hapo yeye amerusha kichwa nyuma, anacheka, meno yote nje. Bi Karatasi alimshika muda mrefu. Binti alikuwa jikoni anachemsha chai.

"Miaka saba niko naye," akasema. "Sijawahi kumwona akicheka hivi."

Nikaanza kukusanya vijikaratasi vilivyobaki mezani.

"Dada, nikwambie ukweli? Wewe una picha. Mimi nina karatasi tu. Mtoto akikaa hapa anahadithia, Mama hivi, Mama vile, mwavuli, kapu la vitambaa. Mimi nakata maua ya kuzunguka mambo ambayo sikuwepo."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka miguuni. Wivu wote ule nilioubeba, kumbe na mwenzangu alikuwa na wake, tena kwangu. Nilitaka aseme tena.

Badala yake akauliza, "Huyu naweza kubaki naye?"

"Hapana," nikasema. Nikamtia mkobani.

Jumapili, 27 Aprili

Hapana ni hapana. Sijuti.

Jumatano, 30 Aprili

Nimejuta kidogo. Imepita.

Jumamosi, 10 Mei

Ameondoka. Albamu kaibeba mkononi, sweta kaivaa.

Jumanne, 13 Mei

Mvua imekatika. Nyumba ina sauti za ajabu, kumbe ni saa ya ukutani.

Jumapili, 18 Mei

Binti amepiga simu. Chuo kikubwa, chumba kidogo, anakaa na msichana mmoja mcheshi. Walifunua albamu pamoja, na huyo msichana akauliza kwa nini huyu mwanamume ana mstari kumzunguka kila mahali.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia huyo ni baba. Mama alimkata, halafu akamrudisha."

"Sikumrudisha kwangu," nikasema haraka.

"Najua, Mama," akasema. "Ulimrudisha kwangu."

Kisha nikafungua mkoba nikamtazama yule aliyebaki, na meno yake nje. Nilimtazama vizuri. Nilimngoja anichome, na kweli akanichoma, ila nikajiuliza nitamweka wapi mimi, na kwa ajili ya nani. Nikamtia kwenye bahasha, nikavaa viatu kabla sijaghairi.

Baba yake binti alifungua mlango mwenyewe, na upara wake, na miwani ya kusomea. Miaka minane hatujasimama karibu hivyo. Akashangaa, akaanza kunikaribisha, akauliza kama mtoto ana shida.

"Mtoto mzima," nikamwambia. "Sijakuja kwako. Niitie mkeo."

Nilisikia neno linavyotoka. Sikuwahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu. Yeye pia alilisikia, akageuka akaita ndani.

Bi Karatasi akaja akifuta mikono. Nikampa bahasha. Akachungulia ndani, akaniangalia, akataka kusema kitu.

"Huyu ni wako," nikasema, nikageuka niende kabla hajanishukuru, maana hapo ndipo ningeangua kilio.